Nina laki sita: ninunue programu ya mwangwi wa kumbi za okestra, au hela iende kwingine?

#1 Mpangaji_Uyole
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mbeya, napanga muziki wa okestra kwa kompyuta kwa ajili ya kwaya. Tunajiandaa kurekodi albamu ya Pasaka, sauti na okestra tu, hakuna gitaa wala drums. Waimbaji watarekodiwa laivu, okestra yote inatoka kwenye laptopu yangu. Kamati imenipa laki sita za kuboresha sauti na inataka nieleze zitatumikaje kabla ya mwisho wa mwezi.

Shida iko hapa. Violini zikipiga peke yake ni tamu. Nikiingiza tarumbeta na timpani, kila ala inasikika imekaa kwenye chumba chake: violini ukumbini, honi stoo, filimbi iko ndani ya sikio. Kwaya ikiingia ndiyo basi, inakuwa kama watu wanaimba mbele ya redio.

Natumia Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi. Ala ni BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire, maktaba ya sauti za ala zilizorekodiwa, baadhi ya mistari natoa MuseScore, programu ya kuandikia nota, kwa sauti zake za Muse Sounds, na nina tarumbeta kavu zilizorekodiwa bila ukumbi. Mwangwi ni Dragonfly ya bure.

Nimesoma habari za programu zilizobeba kumbi halisi: Vienna MIR Pro, Altiverb, Spaces II ya EastWest, Cinematic Rooms. Je, ndiyo dawa ya ugonjwa huu? Aliyewahi kuzitumia anisaidie, hela ni ya waumini.

#2 BesiYaPili_Mafinga
Naweka kambi hapa. Kwetu kazi zote zinatoka hivyohivyo, ala hazikai pamoja. Tulidhani ni kinanda kibovu.

#3 Studio_Kabwe
Mkuu, laki sita yote kwa mwangwi? Njoo Mwanjelwa, kijana anakujazia kila ulichotaja kwenye flashi kwa elfu ishirini na soda juu. Hizo laki nyingine kamati inunue sare.

#4 MwalimuKinanda_Iringa
Kamwene wote. #3, albamu ya Pasaka kwa programu ya wizi? Acha dhambi kwanza, tuongee kazi. Najua studio moja hapa Iringa iliyofungua flashi za namna hiyo, faili za wateja wote zikafungwa na kirusi kinachodai malipo. Kazi za harusi, za misiba, zote zikaenda.

Mpangaji, kabla ya kununua jiulize ala zako zilirekodiwa wapi. BBC Discover imerekodiwa Maida Vale, iliyokuwa studio ya BBC pale London, na kila kundi la wapigaji lilirekodiwa likiwa limekaa kwenye nafasi yake. Ukumbi umo ndani tayari, hata kushoto na kulia kumo. Tarumbeta zako ni kavu. Muse Sounds ina mwangwi wa MuseScore ambao usipouzima unatoka nao kwenye faili. Hapo tayari una vyumba vitatu. Ukinunua MIR na kuimwaga juu ya vyote, unaongeza cha nne.

MIR ni ya Vienna Symphonic Library, na kampuni hiyo maktaba zake za zamani ilizirekodi kwenye jukwaa lililozibwa hadi likawa karibu kimya kabisa. Ndiyo maana walihitaji programu ya kuziingiza ukumbini baadaye. Wewe huna ugonjwa huo kwenye violini, unao kwenye tarumbeta peke yake.

Ushauri wangu: usinunue kitu. Zima mwangwi wa MuseScore, violini zipe mwangwi kidogo mno, tarumbeta zipe mwingi.

#5 FundiSauti
#4 kasema kweli ila kaishia njiani. Kuzipa tarumbeta mwangwi mwingi hakuzirudishi nyuma. Kunazifanya tarumbeta za karibu zenye mwangwi mwingi, na sikio halidanganyiki.

Tunapima umbali kwa mambo kadhaa kwa pamoja. Kwanza ni uwiano kati ya sauti ya moja kwa moja na ile iliyogonga ukuta. Pili ni miakisiko ya kwanza, ile inayofika ndani ya milisekunde chache kutoka ukuta wa pembeni, sakafu na dari, kabla mkia wa mwangwi haujaanza. Tatu, ala ya mbali inapoteza makali ya juu. Nne, inachelewa. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga honi aliye mita 8 nyuma ya violini anachelewa kiasi cha milisekunde 23. Ukimweka sawasawa na violini kwenye gridi ya muda ya kompyuta kisha ukamwagia mkia mrefu, ndipo unapopata hiyo stoo yako.

Sasa programu zenyewe. Ziko koo mbili. Moja inatumia konvolusheni: watu walienda ukumbini, wakapiga sauti ya kipimo, wakarekodi jinsi jengo linavyojibu. Jibu hilo ni faili la IR, na programu inalizidisha na sauti yako. Altiverb, Spaces na MIR ni za ukoo huo. MIR ilienda mbali zaidi, ilipima jukwaa moja kutoka sehemu nyingi, ndiyo maana unaweza kumshika mpiga honi na kumsogeza. Ukoo wa pili unatengeneza mwangwi kwa hesabu, hakuna ukumbi uliopimwa. Cinematic Rooms uliyoitaja ni ya ukoo huu wa pili, haina ukumbi halisi ndani yake, na bado ni nzuri sana. Valhalla Room pia, dola 50 tu.

Kwa hiyo "halisi" lisikutishe. Kinachokupungukia ni miakisiko ya kwanza inayofanana kwa ala zote.

#6 Jirani_wa_Loleza
Naongeza moja. Sisi Mbeya tuko mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, sauti inakwenda polepole kuliko hizo 343. Hesabu za Wazungu wa London hazitufai, lazima kuchelewesha kuongezwe.

#7 Fizikia_Tosamaganga
#6 hapana, ndugu yangu. Hewa kuwa nyepesi hakubadilishi mwendo wa sauti, kwa sababu mgandamizo na uzito wa hewa vinashuka pamoja na athari zao zinafutana. Kinachobadilisha ni joto. Chukua 331, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Kwa nyuzi 20 unapata 343. Usiku wa Julai hapo kwenu kwenye nyuzi 8 unapata kama 336. Kwa honi iliyo mita 8 nyuma, tofauti ni nusu milisekunde. Hakuna sikio litakalolalamika.

Baridi inauma kwingine, kwenye ala za kupuliza. Mwendo wa sauti ukishuka kwa asilimia 2, tarumbeta nayo inashuka, kama theluthi ya nusu toni hivi, mpaka pumzi ya mpigaji iipashe moto.

#8 Jirani_wa_Loleza
Sawa mwalimu, nimepokea. Lakini baridi ya hapa na hewa nyepesi vinakuja pamoja, kwa hiyo nilikaribia!

#9 MzeeWaTarumbeta
Hilo la #7 ni kweli tupu. Nimepiga tarumbeta kanisani Rungwe tangu ujana wangu. Wamoravian walifika kule 1891, na utamaduni wa kupuliza shaba kwa Wamoravian ni wa tangu huko kwao. Ibada ya alfajiri ya Pasaka, makaburini, umande bado haujakauka: tukianza na kinanda cha umeme tunapigana nacho ubeti mzima. Bila kinanda hatuna tatizo, maana wote tunashuka pamoja.

Mjukuu wangu Mpangaji, mbona hakuna aliyekuuliza kwa nini tarumbeta zitoke kwenye kompyuta? Vijana wanne wa bendi ya kanisa, nauli, chakula na posho, laki sita inatosha na chenji inabaki. Waweke nyuma ya kwaya, warekodi pamoja. Ukumbi hautahitaji kununuliwa.

#10 Mpangaji_Uyole
Shikamoo mzee. Nimelifikiria. Muziki huu una sehemu za honi za Kifaransa na hatuna mpigaji hata mmoja, na tarumbeta zinabadilisha ufunguo katikati ya wimbo. Ila ubeti wa kufunga ni wa shaba tupu, hapo naona wazo lako linaingia. Nitaongea na mwalimu wa bendi.

#5 ndaga sana kwa ufafanuzi. #4, nimezima mwangwi wa MuseScore, filimbi imetoka sikioni. Honi bado.

#11 DadaSoprano_Njombe
Naomba niulize swali ambalo kamati zetu huwa haziulizi: albamu itasikilizwa wapi?

Kwetu tulirekodi na mtu aliyependa mwangwi wa kanisa kuu la Ulaya. Kwenye hedifoni ulilia machozi. Siku ya uzinduzi ikapigwa kanisani kwenye spika, sakafu ya saruji, ukuta wa plasta, bati juu. Mwangwi wa kwenye rekodi ukaingia ndani ya mwangwi wa jengo, maneno yote yakapotea. Wazee wakauliza hawa wanaimba kwa lugha gani. Na sisi tunaimba ili Neno lisikike!

Wengine watasikia kwenye simu, spika yenyewe upana wa ukucha. Mwangwi wa laki sita huko unabaki mchakacho. Wa tatu watasikia kwenye basi la kwenda Dar. Ni nani hasa tunamnunulia ukumbi wa Vienna?

#12 Fizikia_Tosamaganga
#11 hili nalipenda, tena linapigika hesabu. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, alipewa ukumbi wa mihadhara ambao sauti ilikuwa inadumu zaidi ya sekunde 5. Akawa anaazima mito ya viti kutoka ukumbi jirani, anaijaza mle usiku, anapima, asubuhi anairudisha. Akapata kanuni: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawa kwa eneo la ufyonzaji, yaani kiasi ambacho kuta, vitu na watu wanameza sauti. Ukumbi wa Boston uliofunguliwa 1900 ulijengwa kwa hesabu zake.

Chukua kanisa la mita 30 kwa 15, urefu 8. Ujazo ni 3,600. Likiwa tupu, tuseme ufyonzaji ni mita za mraba 150: mwangwi unakaribia sekunde 4. Waingie waumini 400, kila mmoja na nguo zake afyonze kama nusu mita ya mraba, ufyonzaji unakuwa 350 na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.7. Kumbi maarufu za okestra zikijaa watu zinacheza kwenye sekunde 2.

Kwa hiyo kanisa lako likijaa, Mpangaji, tayari ni ukumbi wa okestra. Likiwa tupu siku ya kurekodi ni pango.

#13 Studio_Kabwe
Uzi umegeuka darasa la fomu six. Mwenye swali anyooshe mkono.

Ila jamani 150 umeitoa wapi? Dari ya jipsamu je? Pale Tukuyu kanisa nililorekodi lina bati tupu bila dari, mvua ikianza unafunga maiki unakwenda kula ndizi.

#14 Fizikia_Tosamaganga
Ni makadirio ya plasta na saruji, nimesema tuseme. Dari ya mbao nyembamba inafyonza besi vizuri, jipsamu vivyo hivyo, kwa hiyo kanisa lenye dari mkia wake wa chini ni mfupi. Bati tupu linafyonza kidogo na linatetemeka lenyewe. Ndiyo maana kipimo ni bora kuliko kanuni.

#15 FundiSauti
Na kipimo kinawezekana bila kununua chochote. Nimekuwa nangoja mtu afike hapa.

Mpangaji, kwaya utairekodi kanisani, si ndiyo? Basi pima kanisa hilohilo, upate IR yake, okestra yote kavu uiingize mle. Kwaya na okestra zitakaa jengo moja kwa sababu jengo ni moja kweli. Huu ndio ugonjwa uliouleta #1, na Altiverb yenye makanisa ya dunia nzima haina kanisa lako.

Utaratibu: weka spika nzuri pale ambapo mpiga honi angekaa. Cheza sauti inayopanda taratibu kutoka hezi 20 hadi 20,000, njia aliyoieleza Angelo Farina mwaka 2000. Rekodi kwa maiki mbili zilizo mahali palepale zitakapokuwa siku ya kwaya. Room EQ Wizard ni ya bure, inatengeneza sauti hiyo na kukugeuzia rekodi kuwa IR. Hamisha spika kwenye nafasi ya violini, rudia. Nafasi ya timpani, rudia. Faili hizo unaziweka kwenye ReaVerb ambayo umeshaipata ndani ya Reaper. Puto la kupasua pia linafanya kazi ila besi yake ni hafifu.

Umelipia Reaper? Leseni ndogo ni dola 60. Kama bado, hiyo ndiyo iwe ya kwanza kwenye bajeti.

#16 TenaWaSisimba
Napinga #15. Najua makanisa yetu. Kuta mbili sambamba za plasta, ukipiga kofi unasikia trrrr kama sekunde nzima. Hiyo ndiyo IR utakayoipata, na itaingia kwenye kila noti. Watu wanalipia kumbi za Vienna na Berlin kwa sababu ni nzuri, hawalipii kwa sababu ni za kweli. Uhalisia wa jengo baya unaleta sauti mbaya kihalisia.

#17 MwalimuKinanda_Iringa
#16 upo sahihi kwa kuta, hauko sahihi kwa makanisa. Lyndhurst Hall ya AIR Studios kule London, ambako muziki mwingi wa filamu umerekodiwa, lilikuwa kanisa. Inategemea jengo. Na hiyo trrrr itaingia kwenye sauti za waimbaji hata akinunua MIR, maana kwaya itaimba mlemle. Atundike vitenge na mablanketi ukuta mmoja, apime na kurekodi vikiwa vimetundikwa.

Tatizo langu na #15 ni lingine. Violini za Discover si kavu. Ukiziingiza kwenye IR ya kanisa unarudi kwenye vyumba viwili. #5 na #15 ni mtu mmoja, aseme hapo.

#18 FundiSauti
Punguza kitasa cha mwangwi ndani ya Discover hadi mwisho, na ile IR ya violini ikate miakisiko ya mwanzo, ibaki mkia tu. Maida Vale ni studio, mkia wake ni mfupi, unafunikwa na wa kanisa. Haitakuwa safi asilimia mia. Itakuwa karibu kuliko sasa.

#19 MwalimuKinanda_Iringa
"Karibu kuliko sasa" nakubali. Mimi bado nasema nusu ya ugonjwa uko kwenye upigaji. Noti zote nguvu moja, violini hazivuti pumzi kati ya misemo, tarumbeta zinaanza zote sekunde ileile. Okestra ya namna hiyo hata uiweke Musikverein, ukumbi maarufu wa Vienna, itasikika ya mashine. Mpangaji, weka kipande tusikie bila mwangwi wowote.

#20 Kihesa_Mixing
Mimi ninayo Cinematic Rooms, niliinunua kwenye punguzo la Novemba. Sijutii. Inaweza kutenganisha miakisiko na mkia, ala za nyuma zinaenda nyuma kweli, na haisongi laptopu. Ila mjue yafuatayo. Leseni inapitia iLok, mfumo wa kulinda leseni za programu, lazima uwe na akaunti. Altiverb, Spaces na MIR nazo ni iLok. Ukichagua leseni ya mtandaoni na bando likaisha katikati ya kazi, programu inasimama, kwa hiyo ifunge kwenye mashine yenyewe au nunua kifaa chao cha USB. MIR inakula memori, na vyumba vyake vinauzwa kwa vifurushi mbali na programu. Kwa laki sita hata usiiwaze. Altiverb vilevile.

Kama ningeanza upya na laki sita yako, ningenunua hedifoni za wazi za kumiksi kwanza. Nilikuwa naamua kina cha ukumbi kwa spika za sabufa. Sikuwa nasikia nilichokinunua.

#21 DadaSoprano_Njombe
#20 umesema jambo. Mpangaji, unamiksi kwa nini?

#22 Mpangaji_Uyole
Hedifoni za kawaida za kufunga sikio, na nahakiki kwenye spika ya kinanda.

Nimejaribu ya #5: honi nimezichelewesha, nimezipunguzia makali, miakisiko ya Dragonfly nimeifanya moja kwa ala zote kavu. Zimetoka stoo. Timpani sasa ndiyo inasumbua, inafika mbele ya kila mtu. Kipande bila mwangwi nitakiweka kesho, na #19 kuhusu misemo ya violini naona una hoja, kwenye ubeti wa pili hasa.

Kamati lakini inataka kuona kitu kimenunuliwa. Nikiwaambia hela iende kwenye hedifoni, leseni ya Reaper na posho za wapuliza shaba, wataniuliza programu ya mwangwi iko wapi, maana ndiyo niliyowaombea.

#23 Studio_Kabwe
Wape Valhalla Room, dola 50, risiti iwepo, kila mtu alale.

#24 TenaWaSisimba
Au subirini punguzo la Novemba mpate ya maana. Pasaka si kesho.

#25 MzeeWaTarumbeta
Kamati ikisikia shaba za kweli haitauliza programu.

#26 BesiYaPili_Mafinga
Hiyo ya kupima jengo, kama kanisa linakataa je? Mimi ningepima stesheni ya TAZARA Mbeya. Ukumbi ule wa abiria, dari iko mbinguni. Ukiita mtoto anaitika mara mbili.

#27 Jirani_wa_Loleza
Pale utapata IR ya mwangwi pamoja na tangazo la treni kuchelewa.

#28 FundiSauti
TAZARA ningeipima hata bure, lakini hapo utahitaji kibali. Anza na kanisa. Mpangaji, nenda siku ya kazi usiku, bodaboda zikipungua. Zima feni na friji ya sakristia. Cheza ile sauti inayopanda mara kadhaa kila nafasi ili uchague isiyo na mbwa. Spika unayo?

#29 Mpangaji_Uyole
Spika naazima kwa vijana wa muziki wa kusifu. Shida ni umeme, wiki hii unakatika kila jioni, na jenereta la parokia linaunguruma hadi madhabahuni.

#30 Kihesa_Mixing
Betri ya sola na inveta. Spika moja na laptopu haziwezi kuishinda. Angalia tu inveta isiwe ya bei rahisi, ile inatia mlio kwenye spika.

#31 Fizikia_Tosamaganga
Na andika joto la mle ndani usiku huo. Ukirekodi kwaya mchana kanisa limepata jua, hewa si ileile, ukavu wake unabadilisha makali ya juu ya mkia. Utarekebisha kwa ikwalaiza.

#32 DadaSoprano_Njombe
Mablanketi ya #17 yatundikwe usiku huo au siku ya kwaya tu? Maana mkipima bila mablanketi mkarekodi nayo, si mmerudi vyumba viwili tena?